Macho Ayaweke Wapi

Mdogo wangu alikuwa muuguzi wa majumbani. Asubuhi, wakati sisi wa ofisini bado tunatafuta viatu, yeye alikuwa ameshapita nyumba kadhaa akiwachoma wazee sindano, akiwafunga vidonda vya miguu, akiwavalisha zile soksi ngumu za mishipa ambazo ukizivuta vibaya mzee anakutukana kwa Kifaransa cha zamani. Alikuwa mzuri katika kazi hiyo. Simsifu kwa sababu tumenyonya ziwa moja. Wazee wenyewe walimwulizia akiwa likizo.

Walimpa mzunguko wa kusini mwa Brussels, katika komini moja, yaani wilaya ya mji, yenye miti mirefu, nyumba za bustani na mageti ya chuma. Jina lake silitaji. Nikilitaja, wenyeji wake watasema nimewaonea, na wa komini za jirani watashukuru kwamba si wao. Sitaki kumpa mtu yeyote nafasi ya kushukuru. Kule hakuna basi linalofika mlangoni, kwa hiyo alitembea kwa miguu, begi begani, akisoma namba za nyumba kwenye mageti, kwa kuwa namba nyingine zimefichwa na majani na nyingine zimeandikwa kwa urembo hata huzioni. Mtu mweusi, mrefu, asubuhi, anachungulia mageti ya watu. Ukiyasikia maneno hayo tu, tayari umeshaelewa yaliyobaki.

Mkataba wake ulikuwa wa majaribio. Kipindi kikiisha, mkuu wa huduma angeamua kama anampa kazi ya kudumu au anamwachisha. Na kazi ya kudumu haikuwa mshahara peke yake. Mke wake alikuwa Lubumbashi, walifunga ndoa alipokwenda kutembea, na ofisi ya wageni hapa Ubelgiji haimruhusu mtu kumleta mke wake mpaka aonyeshe kazi inayoeleweka. Bila mkataba, hakuna mke. Kila asubuhi alipokuwa akitembea kati ya yale mageti, alikuwa anatembea kuelekea kwa mke wake, na kila aliyemsimamisha alikuwa anamsogeza yule mwanamke mbali kidogo. Hilo wao hawakulijua, na wangelijua nadhani lisingewazuia.

Mara ya kwanza aliponisimulia, alicheka. Alikuja kwangu Evere baada ya zamu, akakaa jikoni na miguu yake mirefu katikati ya njia, kama kawaida yake. Mimi ni dada yake mkubwa, naye huniita yaya kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi.

“Yaya, balinisimamisha. Muntu wa polisi anasema: ‘Sac, fungula.’ Bon, ninafungula. Anaona masindano, anaruka nyuma! Alifikiri niko na drogue.”

“Na wewe ulisema nini?”

“Ninamuambia, Monsieur, mi niko infirmier, ninaenda kwa mugonjwa. Anasema, ‘On verra,’ eti tutaona. Alors, tukangojea collègue wake aangalie kitambulisho yangu mu radio. Vingt minutes, yaya, dakika makumi mbili! Maman yangu ule mugonjwa wa insuline anangojea.”

Nilicheka pia, Mungu anisamehe. Ilikuwa mara ya kwanza. Iliporudi mara ya pili, kisha ya tatu, kisha akaacha kuzihesabu, hatukucheka tena. Kuna wiki alifika kazini kwa wakati, na kuna wiki ofisini kwao walianza kumwuliza kwa nini wagonjwa wanapiga simu. Alijibu kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyewasimamisha polisi njiani.

Mimi si mtu wa kukaa kimya. Nilifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya bima, na jambo moja ambalo bima hukufundisha ni kwamba kila kitu kina kifungu chake mahali fulani. Nikafungua kompyuta, nikatafuta sheria. Nikaikuta! Imeandikwa wazi kabisa: polisi hawezi kumwomba mtu kitambulisho kwa sababu tu ameamka na hamu ya kuona kitambulisho. Lazima awe na sababu ya msingi ya kufikiri kwamba mtu huyo anatafutwa, au amefanya kosa, au anajiandaa kulifanya. Na sababu hiyo itoke kwenye mwenendo wa mtu, au dalili zinazoonekana, au mazingira ya wakati na mahali. Rangi ya ngozi haimo. Nilisoma mara mbili, nikasema kwa sauti jikoni kwangu, peke yangu, “Haimo!” Nilifurahi kama mjinga. Nilidhani nimepata dawa.

Nikamshika mdogo wangu mkono, tukaenda kituoni kuuliza. Hakutaka. Alisema, “Yaya, tuache tu, itaisha.” Nikamwambia itaisha na mkataba wako. Tukaenda.

Askari wa kaunta alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio unaoniudhi mpaka leo, kwa maana mtu mkali ungeweza kumgombeza. Nikamwambia ninayo sheria, ninataka kujua sababu. Akaandikaandika kwenye kompyuta yake, akatazama, akasema kuna mara moja tu imeandikwa, na sababu ipo. Mwenendo wa kutia shaka. Mwenendo gani? Akasoma: alikuwa akitazama nyumba moja baada ya nyingine, na alipoongeleshwa, macho yake yalikuwa yanakwepa. *Regard fuyant.* Akaniangalia kama mtu aliyenipa nilichoomba. Na kwa kweli alikuwa amenipa.

Nikageuka kumtazama mdogo wangu. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mbele, mkono mmoja umeshika mwingine, macho yakiwa sakafuni. Kijana wa kaunta naye akamtazama. Sote wawili tukaiona ile sababu imesimama pale, imechana nywele vizuri, imevaa shati safi.

Sasa niwaeleze watu ambao hawakulelewa nyumbani kwetu. Baba yetu alifanya kazi reli. Akirudi jioni, mtoto anakwenda kumpokea mfuko kwa mikono miwili, anapiga goti kidogo, na macho yanakwenda chini. Ukimkazia mkubwa macho, umemwambia kwamba mko sawa, na mama alikuwa na kofi la kukurudisha mahali pako kabla hujamaliza kupepesa. Baadaye, wakati wa vizuizi vya barabarani, somo hilo likapata maana nyingine: askari mwenye bunduki, ambaye hajalipwa, usimtazame machoni kamwe. Mwite “papa,” yaani baba, angalia viatu vyake, jibu kwa sauti ndogo, utafika nyumbani. Heshima na woga vilifundishwa kwa ishara moja. Mdogo wangu alikuwa mwanafunzi bora wa somo hilo kuliko sisi wote. Majirani waliwaonyesha watoto wao: mwoneni yule, amelelewa. Malezi yale yale, yaliyombeba kutoka Katanga mpaka hapa bila kumwudhi mtu, yakawa ndiyo kosa lake katika barabara ya miti mirefu.

Nilimkasirikia polisi, nikaikasirikia sheria, nikamkasirikia na mtu aliyeketi ofisini akaandika neno “mwenendo” bila kujiuliza ni nani atakayekaa na kalamu upande wa pili. Mwenendo! Neno kubwa kama gunia, unatia ndani kitu chochote.

Basi nikaamua kumfundisha. Jioni baada ya kazi tukawa tunafanya mazoezi jikoni kwangu. Mimi polisi, yeye muuguzi. Nilivaa koti la mvua la mume wangu ili nionekane mkubwa.

“Bonjour, Monsieur, kitambulisho.”

Macho chini.

“Inua kichwa!”

“Yaya, siwezi kukuangaria vile. Weye ni mukubwa yangu.”

“Mimi niko polisi sasa. Niangarie!”

Alijaribu. Alinitazama, akacheka, akatazama friji. Alijaribu tena, macho yakamlengalenga machozi, sijui kwa kicheko au kwa kitu kingine. Mtu mzima, mwenye diploma, mwenye mke, namfundisha jinsi ya kutumia macho yake kama mtoto anavyofundishwa kushika kijiko. Kazi hiyo haikuwa yangu. Niliifanya kwa kuuma meno, na kila alipofaulu kunikazia macho, badala ya kufurahi nilihisi kama nimemvua nguo. Lakini alifaulu. Alikuwa mwanafunzi mzuri, nimeshasema.

Mama alipiga simu wakati mmoja tukiwa katikati ya mazoezi, nikamweleza tunachofanya.

“Unamufundisha mutoto akose adabu?” aliuliza.

“Maman, huku njo adabu yao. Muntu anakuangaria mu macho.”

“Na akiwaangaria, bataacha kumusumbua?”

Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na sababu ya kusema hapana. Kituoni walikuwa wamenieleza wenyewe, kwa maandishi, kitu gani kilichowatia shaka. Tulikuwa tunakiondoa.

Haikupita muda wakamsimamisha tena. Safari hii walikuwa wawili, garini. Mdogo wangu aliinua kichwa kama nilivyomfundisha, akamtazama yule wa kwanza machoni, akasema kwa sauti iliyonyooka kwamba yeye ni muuguzi, yuko njiani kwa mgonjwa wa kisukari, na kwamba angependa kujua sababu ya kusimamishwa. Yote hayo tuliyafanyia mazoezi. Yule askari akamwuliza, “Unaniangalia hivyo kwa nini? Una tatizo na mimi?” Dakika ile ile mikono ilikuwa juu ya bodi ya gari, miguu imetanuliwa, begi limemwagwa kwenye lami. Glovu, bandeji, sindano, chakula chake cha mchana. Mama mmoja alipita na mbwa wake. Mbwa akanusa chakula, yule mama akavuta kamba, wakaenda zao.

Walipomaliza walimwachia. Hakuna kosa, hakuna chochote. Wakamwambia siku nyingine asiwe na jeuri.

Yule mgonjwa wa insulini alikuwa bibi mmoja mjane, mwenye adabu zake, na mdogo wangu alikuwa amemwonya asile kabla ya sindano. Kwa hiyo alingoja. Alikaa mbele ya mkate wake na kahawa yake akingoja, mpaka binti yake alipopitia na kumkuta anatetemeka, hajui leo ni siku gani. Bibi hakufa, nisije nikasema uongo. Lakini binti alipiga simu ofisini akapiga kelele, na alikuwa na haki ya kupiga kelele, ila alimpigia asiyehusika. Mkuu wa huduma akamwita mdogo wangu, akamwambia kwa masikitiko kwamba jambo hili likitokea tena hataweza kumtetea mwisho wa majaribio.

“Aliniuliza,” mdogo wangu alinisimulia, “‘Huwezi kubadilisha njia?’ Njia gani, yaya? Nyumba ya ule maman iko kwa ile barabara.”

Na kituoni? Nilikwenda, ndiyo. Safari hii peke yangu, kwa sababu yeye alikataa kabisa. Sababu iliandikwa tena. Mwenendo wa kichokozi, anamkodolea macho afisa.

Nilitoka nje nikasimama kituo cha tramu, nikaacha tramu ya kwanza ipite, na ya pili, kwa sababu nilijua nikipanda nitamtukana abiria wa kwanza atakayenigusa. Akitazama chini, anakwepa. Akitazama juu, anachokoza. Sasa macho ayaweke wapi? Ayang’oe ayatie mfukoni, apite kipofu? Wataandika kwamba alikuwa anapapasa mageti.

Wakati huo huo kulikuwa na mazungumzo mjini kuhusu sheria mpya. Watu wa mashirika ya kutetea haki walikuwa wanapita na karatasi zao kule barabara ya Chaussée de Wavre, kati ya maduka ya vitambaa na ofisi za kutuma pesa, wakiwaalika watu kwenye mkutano katika ukumbi wa komini moja. Mbunge mwanamke angekuwepo kueleza pendekezo: polisi akikusimamisha, akwambie sababu, na akupe karatasi inayoonyesha sababu hiyo. Nikaenda. Nilitoka kazini moja kwa moja, na njaa yangu.

Ukumbi ulijaa. Yule mbunge alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Alieleza vizuri, alijua sheria, na alisikitika pale palipostahili kusikitika. Mwanamume mmoja aliyekaa mbele alisema kwamba yeye pia alisimamishwa wakati fulani, hakulalamika, na asiye na cha kuficha hana cha kuogopa. Alikuwa mweupe kama ukuta. Wengine walizomea. Mimi niliomba maikrofoni.

Nilisema kwa Kifaransa changu cha ofisini. Nikasimulia macho ya chini na macho ya juu. Nikamwambia mbunge: sababu zimeshaandikwa tayari, Madame, tatizo si kwamba hazipo, tatizo ni kwamba anayesimamisha ndiye anayeandika, na hakuna anayemwuliza mara ya pili. Karatasi yako itamletea mdogo wangu uongo ule ule, ila sasa atakwenda nao nyumbani. Andika kwamba rangi si sababu, na kwamba macho si mwenendo. Andika kwamba mtu asiye polisi atazisoma sababu zote na kuuliza kwa nini zinawaangukia watu wale wale kila siku. Na andika kitakachompata afisa atakapokosa jibu. Kama hutaandika hayo, basi niandikie kifungu kimoja tu kinachosema mtu kama sisi ayaweke macho yake wapi, nikamfundishe.

Walipiga makofi. Walisimama wakapiga makofi! Na yule mbunge akaniangalia kwa macho yaliyolowa, akasema ni ushuhuda mzuri sana, *un très beau témoignage*. Mzuri. Nilikaa chini. Sikuja na shairi. Nilikuja kuomba kifungu cha sheria, kwa ajili ya mtu mmoja mwenye mkataba unaokaribia kuisha, nao wakanipa makofi na juisi ya machungwa mlangoni.

Lile pendekezo lilikwenda kamati. Likaahirishwa, likarudi, likaahirishwa. Muda wa bunge ukaisha, na pendekezo lisilopigiwa kura linakufa na bunge lake. Nilijua kwa sababu nilikuwa nikifuatilia kutoka ofisini, wakati wa chakula. Hakuna aliyeniandikia kunipa pole.

Sheria ilikuwa bado inajikokota huko bungeni pale mkuu wa huduma alipomwita mdogo wangu tena, na uso wake unang’aa. Alikuwa ameona suluhisho. Akafungua mfuko, akatoa jaketi la buluu, jipya, jina la huduma limeandikwa mgongoni kwa herufi nyeupe ambazo unazisoma ukiwa upande wa pili wa barabara. Wauguzi wengine wa mzunguko ule, Wabelgiji weupe, walivaa makoti yao ya kawaida na hakuna aliyewapa kitu. Jaketi lilitengenezwa moja.

Alilivaa. Na lilifanya kazi, ndilo linaloniua. Gari la polisi lilipunguza mwendo, likasoma mgongo wake, likaendelea. Siku nyingine walimpungia mkono. Uso ule ule, mageti yale yale, macho yale yale, chini au juu, hakuna aliyejali tena yanakotazama. Alifika kwa wakati, bibi alikula mkate wake kwa saa, na kipindi cha majaribio kilipoisha akasaini kazi ya kudumu. Mama alimshukuru Mungu kwenye simu mpaka salio likaisha. Mume wangu alisema, “Sasa njo unanuna nini? Si amepata?” Nikamjibu vibaya. Nilitaka kufurahi, nikashindwa, na walionizunguka wakanichoka.

Mke wake alipata viza. Alifika Jumapili moja ya joto, lile joto la Brussels linalokuja siku chache na kila mtu analalamika. Nilikuwa nimempigia pasi mdogo wangu suti yake ya rangi ya kijivu na shati jeupe. Kwetu, mwanamume anayempokea mke wake anavaa hivyo, na kama anaishi Ulaya anavaa zaidi ya hivyo, ili yule mwanamke akishuka ajue kwamba alingojewa. Nilimpitia kwake ili twende wote uwanja wa ndege. Alifungua mlango akiwa amevaa suti. Juu ya suti alikuwa amevaa jaketi la buluu, zipu imepandishwa mpaka shingoni.

“Toa hiyo,” nikamwambia. “Leo ni dimanche, haufanye kazi. Na kuko moto.”

“Aéroport inajaa mapolisi, yaya.”

“Niko na weye. Toa.”

Akatikisa kichwa. “Bakinichelewesha leo?” alisema. “Atashuka, anaangalia batu bote, mi siko. Hapana.”

Tukaondoka. Kwenye basi jasho lilimtoka, kola ya shati nililolipiga pasi ikalowa, na hakushusha ile zipu. Tukasimama kati ya watu wenye maua. Askari wawili wenye silaha walipita nyuma yetu, wakalisoma jaketi, wakapita.

Shemeji yangu alitokea akisukuma masanduku yake, amesuka nywele upya, amevaa kitenge kilichoshonwa kwa ajili ya siku hiyo. Akamwona. Akakimbia, kisha akasimama hatua chache kabla ya kumfikia, akalitazama lile jaketi kutoka juu mpaka chini, na tabasamu lake likapungua kidogo.

“Unatoka ku kazi?” akamwuliza.

“Ee,” mdogo wangu akamjibu. “Ninatoka ku kazi.”